Mpiga mbiu hasomi muhuri

Kazi yangu ni kupiga mbiu Kilwa Kivinje. Wa zamani walibeba pembe, mimi nabeba spika ya betri na kupakiwa kwenye bodaboda. Mbuzi akipotea nasema, mkutano ukiitishwa nasema, chanjo ikija nasema. Misiba haijawahi kunipa taabu. Familia hunitajia jina la marehemu, mtoto wa nani, nyumba ipo wapi, anaswaliwa msikiti gani na baada ya sala ipi. Nikipita mara moja mji mzima umeelewa. Taabu huanza pale karatasi inapotoka ofisini.

Chukueni kampeni ya chanjo ya surua na rubella ya Februari 2024. Walengwa walikuwa watoto wa miezi 9 hadi 59. Miezi hamsini na tisa! Daktari ana sababu zake za kuhesabu hivyo na simbishii. Lakini mama wa Singino anayekoroga uji asubuhi, mtoto mmoja mgongoni na mwingine anavuta kanga, hawezi kuanza kugawanya kwa kumi na mbili ili ajue kama huyu mkubwa yumo au hayumo. Ukisema "aliyetimiza miezi tisa mpaka yule ambaye hajafikisha miaka mitano", hujapotosha neno la daktari hata kidogo. Umempunguzia mama hesabu tu.

Watanijibu kwamba mwananchi naye ajifunze. Sikatai kujifunza. Nasema kwamba tangazo si darasa. Darasani mtu hukaa, huuliza, hurudia kesho. Tangazo linampita akiwa kwenye pikipiki, akipara samaki, akigombana na mpangaji wake. Mwenye kipaza sauti ndiye mwenye mzigo wa kueleweka, na mzigo huo haushushwi kwa msikilizaji kwa sababu karatasi ina muhuri.

Na wasikilizaji wangu ni wa aina aina. Ufukweni wapo wavuvi waliozaliwa hapa na babu zao, na wanunuzi wa dagaa waliokuja kutoka bara. Wakulima wa ufuta hushuka kutoka vilima vya Umatumbi. Walimu na wauguzi wamepangiwa kazi hapa kutoka Kagera, Mbeya na kwingineko. Huko maporini kuna wafugaji wa Kisukuma, wengine walifika kusini na ng'ombe wao baada ya kuondolewa Ihefu miaka ya 2006 na 2007. Wote hawa wanazungumza Kiswahili, na hapo ndipo tunapodanganyika. Tunadhani kwa kuwa sote tunajua Kiswahili, basi tunasikilizana.

Linalonikosesha raha zaidi ni hali ya hewa. Angalizo likitolewa, huja na upepo wa kilomita 40 kwa saa, mawimbi ya mita 2, kisha mistari miwili: uwezekano wa kutokea, wastani; kiwango cha athari, wastani. Kwa mtaalamu huo ni ujumbe kamili, na amefanya kazi yake sawasawa. Sasa usomeni mbele ya nahodha wa ngalawa. Kilomita kwa saa yeye huzisikia kwenye mabasi ya Dar es Salaam. Na "wastani" kwake ni neno la kutuliza. Ukimuuliza hali akakujibu "ya wastani tu", maana yake hajambo, maisha yanakwenda. Kwa hiyo ukimsomea kwamba athari ni za wastani, umemwambia apandishe tanga.

Nimewahi kuambiwa nisome kama ilivyoandikwa, nisiongeze wala nisipunguze. Agizo hilo nalielewa, kwa sababu nikiongeza la kwangu nitawatisha watu bure, na siku ya siku hawatanisikiliza. Mvuvi akikosa kutoka siku mbili kwa kuniamini mimi, na upepo usije, nyumbani kwake kuna watu hawakula. Hilo la uwezekano ni gumu kweli, wala halitatuliwi kwa kurahisisha maneno peke yake. Lakini nahodha anajua kuishi na "huenda". Kila akitoka anapima "huenda". Anachotaka ni kipimo anachoweza kukishika: upepo unatoka upande gani, unazidi kusi la kawaida au hauzidi, unaanza kabla ya maji kujaa au baada, na chombo cha ukubwa gani kisitoke kabisa. Hayo yakisemwa, namba zifuate nyuma. Mwalimu na muuguzi watazichukua.

Msifikiri nawapendelea watu wa bahari. Nao wana lawama yao, kubwa tu. Kwenye mikutano ya ufukweni mzee mmoja husimama akasema mwamba wa pweza uliofungwa kwa muda utafunguliwa "bamvua la mwezi mchanga", akaketi. Sisi tuliokulia hapa tunajua kuwa ni siku zile za mwezi mwandamo ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, mwamba ukawa wazi kwa miguu. Mama aliyehamia kutoka Tabora hajui, na akiuliza, vijana wanacheka. Atatoka na kijiti chake siku za maji mafu, akute bahari haijaondoka, arudi mikono mitupu. Kuna watu wanapenda maneno yasieleweke kwa sababu yanawaonyesha wao ni wenyeji. Ofisa ana kiwango cha athari na viambatisho vyake, mvuvi ana bamvua na maji mafu yake, na kila mmoja anamcheka mwenzake kwa siri. Kwangu mimi hilo ni kosa moja, wanalifanya watu wawili.

Tena lugha ya bahari si kwamba inatosha. Mei 2024 kilipokuja kimbunga Hidaya, pwani yetu haikuwa na neno la mazoea la kitu kile. Wazee wachache wa Lindi walikuwa na kumbukumbu ya kimbunga cha Aprili 1952. Sisi wengine tulikuwa tunajua pepo za kusi na kaskazi. Na kusi, hata likasirike vipi, halikati barabara. Hidaya ilifika Mei 4, na mvua zake zikaikata barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam huku kwetu Somanga. Siku zile nahodha alihitaji namba za mtaalamu, kwa kuwa uzoefu wake ulimwambia mwezi Mei hakuna jambo kama hilo. Kwa hiyo anayesema "semeni lugha ya wananchi tu, yatosha" naye anakosea. Yanatakiwa yote mawili katika kinywa kimoja.

Hata lugha ya ndani, ile ya kuelewana wachache, ina mahali pake, na historia ya wilaya hii inalo somo. Kabla ya vita vya Maji Maji, habari za Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe zilisambazwa kwa minong'ono ambayo Wamatumbi waliiita njwiywila. Wazee waliwasimulia hayo wanahistoria Gilbert Gwassa na John Iliffe miaka ya 1960. Maneno yalipita mdomo kwa sikio, aliyestahili kusikia akasikia, na Mjerumani aliyekaa bomani hapa Kivinje asijue kinachopikwa mpaka pamba ilipong'olewa Nandete mwaka 1905. Ilikuwa kazi ya akili. Watu wale walikusudia wengine wasielewe, na kukosea kungewapeleka kitanzini. Sasa nauliza: ofisi inayomwandikia mkulima kuhusu ufuta wake mwenyewe inamficha nani?

Maana huko ghalani nako kuna mambo. Kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani, siku ya mnada inasomwa bei ya juu na bei ya chini, halafu mjengeko wa bei, yaani tozo na makato, mstari kwa mstari. Mkulima amekaa chini ya mwembe na swali moja: kilo yangu, mkononi nashika shilingi ngapi, na lini? Jibu lipo kwenye karatasi ileile, ukurasa wa pili, chini. Lingeanza juu. Kangomba, yule mnunuzi wa njiani anayepiga bei kwa kipimo chake, hamwekei mkulima mjengeko wowote. Anamwambia hela ngapi na anamhesabia hapohapo. Anamnyonya, ndiyo, lakini anaeleweka, na nina hakika hiyo ni sehemu ya nguvu yake.

Wapo watakaosema haya yote yataharibu Kiswahili sanifu. Usanifu wenyewe ulianza kwa makubaliano: mwaka 1928 waliokutana Mombasa walichagua Kiunguja kiwe msingi, na Kimgao cha pwani yetu hii kikabaki cha nyumbani, sawa na Kimvita na vingine. Sina kinyongo. Palihitajika lugha moja ili mtu wa Kilwa na mtu wa Kigoma wasikilizane, na tumefaidika. Ila kama lengo lilikuwa kusikilizana, basi tangazo lisilosikika limelikosa lengo hilo, hata kama kila neno lake limo kwenye kamusi.

Ninachoomba si kikubwa. Enyi mnaoandika matangazo, kabla ya kugonga muhuri msomeeni mtu mmoja asiye wa ofisini, anayeuza maandazi hapo nje anatosha, halafu mwulizeni ameelewa afanye nini. Nasi wa ufukweni, tukitaja bamvua tutaje na tarehe. Na karatasi iletwe kwangu siku mbili kabla, ikiwa na namba ya simu ya aliyeiandika. Ikifika saa kumi na moja jioni kwa ajili ya mkutano wa kesho saa mbili asubuhi, sina wa kumuuliza alikusudia nini.

Mwandishi ni mpiga mbiu, mkazi wa Kilwa Kivinje.