Betri ndogo ya pikipiki: nafuu au mzigo kwa familia?

Msomaji wetu mmoja ameuliza swali ambalo linagusa nyumba nyingi. Mumewe ana bodaboda ya kuwasha kwa stata. Asubuhi humpeleka mtoto shule, kisha huingia kijiweni. Sasa betri imekufa. Fundi amewaambia betri ya saizi yake ni ghali, lakini ipo ndogo kwa karibu nusu ya bei na "itawasha tu". Anauliza kama wachukue hiyo.

Jibu ni kwamba kushuka saizi kunawezekana, ila mshuke hatua moja tu, na mjue mnachopoteza. Pikipiki hiyo ndiyo ada, ndiyo unga, na usiku mtoto akipandwa na homa ndiyo usafiri wa kwenda zahanati. Kwa hiyo uamuzi huu ni wa baba na mama, usiachwe kwa fundi peke yake.

Kabla ya kununua chochote, hakikisheni betri ndiyo mbovu kweli. Mwambieni fundi apime kwa mita. Betri iliyojaa chaji na kupumzika husoma karibu volti 12.6 au zaidi. Injini ikiwa inaunguruma na kuongezwa moto kidogo, mita isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikibaki kwenye 12 hivi, basi tatizo liko kwenye mfumo wa kuchaji, na betri mpya, kubwa au ndogo, nayo itakufa baada ya siku chache. Hapo fedha itakuwa imetupwa.

Sasa tuje kwenye saizi. Juu ya betri kuna maandishi kama 12V 6Ah. Volti lazima zifanane na za betri ya zamani, hapo hakuna mjadala. Hiyo Ah ni kiasi cha umeme kinachohifadhiwa, sawa na ukubwa wa ndoo ya maji. Lakini stata haihitaji ndoo kubwa, inahitaji bomba pana. Tuchukue mfano wa stata inayovuta ampea 60 kwa sekunde tatu. Ukipiga hesabu, imetumia Ah 0.05 tu. Kazi ngumu ni kuzitoa hizo ampea 60 kwa mkupuo bila volti kuporomoka.

Ndiyo maana msiangalie Ah peke yake. Tafuteni pia namba ya CCA, kwenye betri au kwenye karatasi yake. Hiyo huonyesha nguvu ya kusukuma stata. Mfano mzuri ni betri mbili zinazopatikana sana, YTX7L-BS na YTX5L-BS. Ya kwanza ni Ah 6 na CCA yake huwa karibu 100. Ya pili ni Ah 4 na CCA karibu 80. Urefu na upana wake ni sawa, milimita 114 kwa 71, ila ya pili ni fupi kwa milimita 25. Kwa injini ndogo, hiyo ni hatua moja ya kushuka ambayo mara nyingi huvumilika.

Kisichovumilika ni kuruka hadi betri ya Ah 2.5. Hizo ni za pikipiki za kiki pekee, ambako betri inahudumia honi na indiketa. Ukiifunga kwenye stata, inaweza kuwasha siku mbili tatu ikiwa mpya, halafu ikachoka. Vilevile kataeni betri ya UPS au ya king'ora, hata kama imeandikwa Ah 7. Imetengenezwa kutoa umeme polepole, si kwa mkupuo.

Kabla ya kukubali betri ndogo, jiulizeni mambo matatu. Je, pikipiki ina kiki inayofanya kazi? Ikiwepo, betri ikichoka mna namna ya kurudi nyumbani. Pikipiki nyingi mpya hazina kiki, na zile za kupuliza mafuta kwa umeme haziwaki betri ikiwa imeisha kabisa. Je, inazimwa na kuwashwa mara ngapi kwa siku? Bodaboda ya safari fupi fupi hutumia chaji nyingi na hairudishi yote. Je, kuna taa za mapambo, redio au chaja ya simu? Kama hakuna kiki na kazi ni ya kijiweni kutwa nzima, nunueni saizi ileile hata kama mtasubiri wiki moja kuongeza fedha. Betri ndogo inayobadilishwa mapema huishia kuwa ghali kuliko ile kubwa.

Mkichukua ndogo, hakikisheni kichwa cha chanya kiko upande uleule, kwa sababu nyaya zikigeuzwa huunguza fyuzi au rektifaya. Nafasi iliyobaki chini ijazwe kipande cha mpira na betri ifungwe isicheze, maana mtikisiko wa barabara mbovu huua betri mapema. Kama inajazwa tindikali dukani, iachwe itulie angalau nusu saa, kisha ichajiwe kabla ya kufungwa. Chaji isizidi sehemu moja ya kumi ya Ah zake, yaani betri ya Ah 4 ichajiwe kwa ampea 0.4.

Wazazi, msichajie betri chumbani wanakolala watoto wala karibu na jiko. Inapochaji hutoa gesi inayoweza kulipuka. Tindikali ikimrukia mtoto, mwosheni kwa maji mengi yanayotiririka na mumpeleke hospitali, hasa ikiingia jichoni.

Betri ya zamani nayo isibaki uani. Ndani yake kuna risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliumia kwa sumu iliyotoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni za Kenya. Msiipasue wala kumwaga maji yake. Ipelekeni dukani mnakonunua mpya na muulize kama wanapokea chakavu. Wapo wanaopunguza bei kwa ajili hiyo, na huenda punguzo hilo likawasogeza karibu na betri ya saizi yenu.