Gharama ya Saileji Tabora: Tusipime Maji

Tangu Juni hadi mvua za Novemba, nyasi za miombo ya Tabora huwa ngumu kama makuti, na ng'ombe wa maziwa hukonda mbele ya macho ya mwenyewe. Dawa mojawapo ni saileji, yaani malisho mabichi yaliyokatwakatwa, yakashindiliwa shimoni na kufunikwa hewa isiingie. Humo bakteria hugeuza sukari ya mmea kuwa asidi, na asidi hiyo huyahifadhi. Ubishi uliopo ni juu ya zao la kutiwa shimoni: mahindi, mtama au matete, ambayo wengine huyaita mabingobingo?

Wengi hulinganisha gharama kwa tani, na hapo matete hushinda, kwani hupandwa mara moja na kuvunwa miaka kadhaa. Lakini tani ya matete machanga yenye ukavu wa asilimia 18 ina kilo 180 tu za chakula. Kilo 820 zilizobaki ni maji. Tani ya mahindi yaliyokatwa punje zikianza kugumu, yenye ukavu wa asilimia 32, ina kilo 320. Mfugaji anayewalipa vibarua na mkokoteni kwa tani, kwa matete hulipia maji. Tena sukari ya matete ni haba. Sharti yanyaushwe kwanza au yatiwe molasi, nayo hununuliwa.

Basi mahindi ndiyo bora? Kwa lishe, ndiyo. Lakini katika udongo wetu wa kichanga hudai mbegu na mbolea kila mwaka, na ukame wa majuma machache wakati wa kuchanua huweza kuyaharibu. Zaidi ya hayo, kila bua liingialo shimoni ni gunzi lisiloingia ghalani. Gharama hiyo huachwa nje ya majedwali, ingawa mke wa mfugaji huijua vizuri.

Mimi nauchagua mtama. Si kwa mapenzi ya kale, ijapokuwa mtama uliilisha misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipopumzika Unyanyembe katika karne ya 19, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912. Nauchagua kwa kuwa huvumilia ukame, na ukikatwa huchipua tena iwapo udongo una unyevu. Kwa saileji hukatwa punje zikiwa bado laini, hivyo kwelea hawapati muda mrefu wa kuula. Lishe yake hupungua kidogo kuliko ya mahindi. Upungufu huo nauhesabu kuwa bima. Ila machipukizi machanga yana sumu ya sianidi, na ng'ombe wasiachiwe kuyala.

Hata hivyo, hesabu yote huanguka kwa ng'ombe asiyelipa. Ng'ombe alaye kilo 20 kwa siku, kwa siku 120, anahitaji tani 2.4. Ng'ombe wa asili atoaye lita moja au mbili hawezi kulipa jasho hilo; huyo atengewe ngitili, malisho ya akiba kama wafanyavyo Wasukuma. Saileji ni ya chotara wa maziwa.

Shule yenye shamba yaweza kuanza kwa mizani na jua: pimeni kilo moja ya kila zao likiwa bichi, likausheni mpaka uzito usipungue tena, kisha gawanyeni gharama ya kilo hiyo kwa uzito uliobaki.