Ngoma si zulia la wakubwa

KANDO YA LUKUGA
Na Mwana Lukuga

Ninaandika nikiwa na hasira, na sikutaka ipoe kabla sijaketi mezani. Wiki iliyopita hapa Kalemie tulikuwa na siku kadhaa za muziki, ngoma na sanaa. Mabango yalibandikwa mapema hadi barabara ya Lumumba, redio zikatangaza asubuhi na jioni, watoto wa shule wakafundishwa nyimbo za kukaribisha wageni. Neno lililoandikwa kwa herufi kubwa kupita yote lilikuwa utamaduni. Lakini nilichoshuhudia ni mapokezi ya wakubwa, na wasanii wetu walitandikwa chini ili wakubwa wapite juu yao. Nasema hivyo tangu mwanzo ili tusizungukane.

Ratiba ya siku ya ufunguzi ilisema saa tatu asubuhi. Saa mbili vikundi vilikuwa vimekwisha kufika. Kulikuwa na kina mama wa Kitabwa kutoka upande wa Moba, wamefunga vikwembe vya rangi moja. Kulikuwa na vijana kutoka Nyunzu, wamevaa njuga miguuni, ngoma zao zimeinamishwa kwenye moto mdogo wa majani makavu ili ngozi zikaze. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kataki na gitaa lake, ambaye wengi wenu mmemsikia jioni karibu na soko la samaki hata kama jina lake hamlijui. Wote walipangwa kwa mistari kwenye jua. Upande wa pili lilisimama hema, na ndani yake viti vya velveti, meza za maji baridi, na vijana wa protokole wakilinda mlango.

Ugomvi wangu na hema la wakubwa mnaujua. Wapo wasomaji wanaoniita njiani "Papa Hema", na wakinikuta kwenye sherehe yoyote huniuliza kama nimekwisha kuhesabu viti. Safari hii pia nilihesabu. Karibu nusu ya viti vile vilibaki bure mpaka mwisho wa sherehe, na hakuna mama hata mmoja aliyeruhusiwa kukikalia kimoja. Nilimwendea mmoja wao, mtu mzima wa kuheshimiwa, mwenye wajukuu, nikamsalimu na kumuuliza kama wamekula. Akanijibu, "Papa, tangu jana mangaribi hatuyakula kitu. Banasema tutakula kisha bakubwa kufika."

Wakubwa walifika saa saba kasoro.

Ninataka niwaeleze kilichotokea dakika chache kabla ya hapo, maana ndicho kilichoninyima usingizi. Fundi wa sono alikuwa anatafuta mtu wa kujaribishia mikro. Wakampandisha yule mzee wa Kataki. Hawakumpa nafasi ya kupiga kama msanii. Walimtaka atoe sauti tu ili wapime vyombo. Mzee akaketi, akakaza nyuzi, akaanza. Alipiga kwa vidole viwili, kidole gumba kikishika besi na cha shahada kikicheza juu, ule mtindo wa zamani wa Katanga. Watu waliokuwa kwenye vivuli vya miembe walianza kusogea. Wauza maandazi walisogea. Vijana wa pikipiki walizima injini. Kina mama wa Kitabwa, wenye njaa, walianza kuitikia kibwagizo ambacho hawakufundishwa na mtu. Nilimwona askari mmoja akitikisa kichwa. Kwa dakika kumi hivi uwanja ule ulikuwa na tamasha la kweli, na hakuna aliyekuwa amelipanga.

Hapo king'ora kikasikika barabarani. Kijana wa protokole akapanda jukwaani mbio, akauwekea mkono mwamba wa gitaa, akasema, "Papa, acha kwanza, bakubwa bamefika." Mzee akamtazama, akasema kwa upole, "Mutoto wangu, niache nimalizie beti hii." Hakuachwa. Alishikwa mkono akateremshwa na wimbo ukiwa katikati, na kwenye spika ukafunguliwa muziki wa Kinshasa wa kuwasindikizia wageni hadi kwenye viti.

Baada ya hotuba ya kwanza, mshereheshaji akachukua mikro na kutangaza kwa majivuno kwamba rumba ni urithi wa dunia. Alisema kweli. Tarehe 14 Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo, Kinshasa na Brazzaville pamoja, na sisi sote tulifurahi. Lakini mtu anawezaje kusema maneno hayo, mahali palepale, baada ya kumteremsha mzee anayeushika urithi huo kwa vidole vyake? UNESCO haikuandika cheti cha kuning'inizwa ukutani. Iliandika kazi inayofanywa na watu walio hai, na mmoja wao alikuwa amesimama nyuma ya jukwaa akifuta jasho.

Vijana wetu wengi hawafundishwi mambo haya, kwa hiyo nitakawia hapa kidogo. Gitaa lilishika mizizi katika miji ya kazi ya kusini na mashariki mwa nchi hii, penye migodi, reli na viwanda. Mji wetu, ulipokuwa ukiitwa Albertville, ulifikiwa na reli kutoka Kabalo mwaka 1915, na pamoja na reli wakaja watu wa kila kabila, wakawa na lugha moja ya kuelewana kazini na jioni kwenye pombe. Lugha hiyo ni hii ninayoiandika. Mwenda wa Bayeke Jean-Bosco, mtoto wa Bunkeya, alirekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 alikuwa amekwisha kufika Nairobi, ambako wapiga gitaa waliketi kumtazama vidole. Edouard Masengo alikwenda njia hiyohiyo. Walitoka kwetu wakiimba Kiswahili chetu, na nusu ya Afrika ya Mashariki ikajifunza gitaa kwao. Mzee wa Kataki ni wa ukoo huo. Akifa kesho, hakuna hapa mjini studio yenye kanda yake hata moja. Na bado tulimtumia kupimia mikro.

Turudi uwanjani. Hotuba zilifuatana mpaka kivuli cha hema kikageuka upande. Kisha wakaitwa vijana wa Nyunzu.

Kikundi hiki kina Batwa na Baluba ndani yake. Msomaji wa mbali anaweza kuona ni jambo dogo. Msomaji wa Kalemie hawezi. Tangu 2013 mpaka 2017 na baadaye tuliona watu wa jamii hizi mbili wakiuana kwa mishale na mapanga, vijiji vikichomwa, na mji wetu ukizungukwa na kambi za watu waliokimbia, Kalunga, Katanyika na nyingine. Kulifanyika mabaraza mengi ya upatanisho, mikataba ilitiwa sahihi, mashirika yaliandika ripoti. Na hapa mbele yetu walisimama vijana wa pande zote mbili, mmoja akipiga ngoma kubwa na mwenzake ndogo, wakipeana zamu bila kutazamana, kwa maana wamezoeana. Mchezo wao ulikuwa na hadithi. Mwindaji anaingia shamba la mtu, wanagombana, wazee wanaitwa. Tulikuwa ndiyo tunafika pale wazee wanapoingia.

Mshereheshaji akasema, "Asanteni, asanteni sana, muda wetu ni mfupi." Dakika tano! Wametoka Nyunzu kwa pikipiki na ngoma mgongoni, katika barabara tunayoijua sote ilivyo, wakapewa dakika tano, na upatanisho wenyewe ukakatwa. Hotuba fupi kuliko zote siku ile ilipita dakika ishirini. Kiongozi aliyekuwa kwenye hema alikuwa akizungumza kwenye simu muda wote vijana wale walipocheza, na alipoinua kichwa walikuwa wamekwisha kuondoka.

Muda, hata hivyo, ulipatikana kwa mgeni kutoka Kinshasa. Alipanda jioni na miwani yake, akafungua mdomo juu ya sauti iliyokwisha kurekodiwa, na mahali pa kuimba akaweka majina. Jina la mkubwa huyu, jina la mke wake, jina la mfanyabiashara yule. Kila jina likiitwa, mtu aliinuka kwenye hema na kwenda kumbandika noti za dola kwenye paji la uso. Sina neno baya juu ya Kinshasa. Nilikua na nyimbo za Franco na Tabu Ley, na mwanamuziki kutafuta riziki si dhambi. Ila dola zilizobandikwa kwenye paji lile kwa wimbo mmoja zingewalisha kina mama wa Moba wiki nzima na kuwarudisha kwao kwa mashua.

Mtu ataniuliza, ugonjwa huu tumeupata wapi? Mimi nasema tumeurithi kwa Mobutu, na hakuna atakayenitoa hapo. Wenye umri wangu wanaikumbuka ile animasyo ya miaka ya 1970 na 1980. Kila mji, kila kampuni, kila shule ilikuwa na kikundi chake cha kucheza kwa ajili ya Chama na Mwongozi wake, Mobutu. Wafanyakazi walitolewa kwenye mashine wakapange mistari barabarani, wasichana walifundishwa kutikisa viuno mbele ya ndege inayotua. Ngoma za makabila zilichukuliwa, maneno yakabadilishwa, sifa za babu zikawa sifa za mtu mmoja. Mobutu aliondoka 1997. Mistari ya barabarani ilibaki. Waandaaji wetu wa leo, hata waliozaliwa baada yake, hawajawahi kuona namna nyingine ya kuiweka ngoma mbele ya mtu mwenye cheo, ndiyo maana hawaoni aibu.

Kuna jingine linaloniuma zaidi. Kusini mwa mji huu, kwenye ufuko huuhuu wa ziwa, iko Mpala, alikojenga Mbelgiji Émile Storms mwaka 1883. Mwaka uliofuata watu wa Storms walimuua mtemi Lusinga wa Watabwa, wakamkata kichwa, na Storms akachukua fuvu pamoja na sanamu ya mababu wa Lusinga, akavipeleka Ubelgiji. Sanamu hiyo iko katika jumba la makumbusho la Tervuren mpaka leo. Juni 2022 Wabelgiji wenyewe waliiondoa sanamu ya Storms kwenye bustani moja huko Brussels, na sisi huku tunadai, kwa haki kabisa, kwamba vitu vyetu vilivyoibwa virudishwe. Nami nadai. Lakini kazi ya mikono ya babu wa Kitabwa imewekewa kabati la kioo na mlinzi ugenini, na mjukuu wake, mwenye nyimbo kichwani ambazo hazikuandikwa popote, anakaushwa juani nyumbani kwake kwa kumngojea mtu aliyechelewa kuamka. Vitu vile vikirudi, tutavipokea vipi? Kwa hema na kwa king'ora?

Nimekwisha kuambiwa kwamba bila wakubwa hakuna pesa, na bila pesa hakuna tamasha. Sikubali. Goma walianza Tamasha lao la Amani mwaka 2014, katika mji uliotoka vitani miezi michache tu kabla, na mtu aliingia kwa dola moja. Watu wa kawaida walinunua tiketi kwa sababu walijua wanakwenda kusikia muziki. Hapa kwetu wauza maandazi na vijana wa pikipiki walisogea bila kuitwa mzee alipoanza kupiga. Wasikilizaji tunao. Wanaowafukuza ni waandaaji.

Kwa hiyo, ninyi mtakaoandaa siku kama hizi mwakani, nawaomba mambo machache na sitachoka kuyaomba. Wasanii wa mkoa wapige saa iliyoandikwa, awepo mkubwa au asiwepo. Wimbo ulioanza uachwe uishe. Hotuba zije mwisho, na mwenye hotuba ndefu ataona mwenyewe nani amebaki. Msanii ale kabla ya kucheza, akae kivulini, na ujira wake atajiwe kabla hajatoka kwake. Chukueni simu zenu, hizi mnazopigia picha za wakubwa, mkamrekodi mzee wa Kataki wiki hii, wimbo mzima, na muulizeni nani alimfundisha.

Na liko deni moja lisiloweza kungoja mwakani. Jana jioni nilipita karibu na stesheni nikawakuta vijana wa Nyunzu wameketi na ngoma zao. Waliahidiwa nauli ya kurudi, wakapewa fulana na biskuti. Aliyewaita anajijua, na kila siku anapita barabara ya Lumumba mbele ya macho yetu. Awalipe leo.