Likasi: Kabla ya kufuta disiki, tafuta nakala ya pili

Mwenye studio ya picha mjini Likasi ambaye hawezi kulipia nafasi kubwa kwenye intaneti kila mwezi hujitengenezea ghala lake nyumbani. Anachukua ordinatere ya zamani, anaitia disiki mbili au nne, anaweka programu ya bure ya kuhifadhi faili, na hapo anaweka picha za ndoa, za ubatizo na za matanga za miaka mingi. Ofisi ndogo za hesabu na shule za binafsi zinaweza kufanya vilevile.

Halafu siku moja programu inapandishwa kwenye toleo jipya. Mashine inawaka, picha zote zipo. Lakini kwenye ukurasa wa hali ya disiki kunatokea onyo kwa Kiingereza: disiki imepangwa kwa ukubwa wa bloki usio wa asili yake, kazi itakwenda polepole. Pembeni kuna namba mbili, 512 iliyopangwa na 4096 ya asili.

Hapo watu hugawanyika. Wa kwanza anaogopa, anafikiri disiki inakufa, na usiku uleule anafuta kila kitu ili apange upya. Wa pili anafunga ukurasa na kusahau. Wote wawili wanakosea, lakini kosa la wa kwanza ndilo linalopoteza kumbukumbu za familia za watu.

Onyo hilo si la uongo, na si la dharura. Kwa miaka mingi disiki ziliandika kwa vipande vya baiti 512. Kuanzia mwaka 2010 na 2011 watengenezaji walihamia kwenye vipande vya baiti 4096, yaani kipande kimoja kipya ni sawa na vinane vya zamani. Ili ordinatere za zamani zisigome, disiki nyingi mpya ziliendelea kujibu kana kwamba bado zina vipande vya 512.

Anayenunua unga sokoni ataelewa. Muuza depo ana mifuko iliyoshonwa, lakini amekubali kuhudumia wateja wa meka moja moja. Kila mteja anayetaka kubadilisha meka moja anamlazimu kufungua mfuko, kutoa unga, kuweka mwingine na kushona tena. Unga haupotei, lakini foleni inarefuka. Disiki hufanya hivyohivyo: ikiambiwa iandike baiti 512, inasoma 4096, inabadilisha sehemu ndogo, kisha inaandika zote upya.

Kwa hiyo disiki haijaharibika kwa sababu ya onyo, na toleo jipya halikuleta tatizo. Lilikuwepo tangu siku ghala lilipotengenezwa. Katika ZFS, mfumo wa faili uliozaliwa katika kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani na ambao leo unatumiwa na programu kama TrueNAS na XigmaNAS, ukubwa wa bloki huwekwa siku ya kwanza kwa namba inayoitwa ashift. Tisa maana yake ni baiti 512, kumi na mbili maana yake ni baiti 4096. Matoleo ya zamani yaliweza kunyamaza. Mapya yanalinganisha kilichopangwa na kile disiki inachotangaza, kisha yanasema.

Jambo linalouma ni kwamba namba hiyo haibadilishwi baadaye. Kubadilisha disiki moja moja kwa mpya hakuibadilishi. Kubonyeza kitufe cha kupandisha toleo la ghala lenyewe pia hakuibadilishi. Kitufe hicho kinahusu ujumbe mwingine, ule unaosema kuna uwezo mpya ambao haujawashwa, na wengi wanachanganya jumbe hizo mbili. Wanaobonyeza kwa matumaini ya kuondoa onyo la bloki wanabaki nalo, na juu yake wanaweza kushindwa kurudi kwenye toleo la zamani la programu.

Dawa ya kweli ni moja: kuhamisha data yote mahali pengine, kuvunja ghala, kulijenga upya kwa 4096, kisha kurudisha data. Na hapa ndipo Likasi inatofautiana na miji ambako maelezo ya kiufundi huandikwa.

Hesabu ni rahisi. Terabaiti 4 zikihamishwa kwa megabaiti 100 kwa sekunde zinachukua saa 11 hivi. Zikipita kwenye kebo na swichi ya zamani ya megabiti 100, zinakaribia siku 4. Likasi iko jirani na mitambo ya umeme ya Mwadingusha na Koni ya mto Lufira, lakini kila mkaaji wa Kikula, Panda au Shituru anajua kama siku 4 bila umeme kukatika ni jambo la kutegemea. ZFS ina njia ya kuendeleza uhamishaji pale ulipokatikia, ila ni lazima iombwe tangu mwanzo wa kazi. Fundi asiyejua hilo ataanza upya kila mara, mpaka achoke na kukata njia.

Njia ya mkato inayovutia zaidi ni hii: kama ghala lina disiki mbili pacha, moja inatolewa, inapangwa upya kwa 4096, data inanakiliwa kwake, halafu ya pili inafutwa na kuunganishwa. Kwenye karatasi inafanya kazi bila kununua chochote. Lakini kuanzia dakika ile ya kufuta disiki ya pili mpaka pacha mpya akamilike, picha zote za miaka kumi zinakaa kwenye disiki moja, tena iliyotoka kufanya kazi ngumu kwa saa nyingi. Ikigoma hapo, hakuna pa kurudi.

Tena disiki pacha si nakala ya pili. Faili ikifutwa kwa makosa, inafutika kwa wote wawili. Nakala ya pili ni ile inayokaa nje ya mashine hiyo, na ingefaa hata nje ya nyumba hiyo.

Wengine watasema disiki ya ziada ni ghali, na wana haki. Lakini mafundi watatu au wenye studio watatu wanaweza kuchangia disiki moja kubwa na kuizungusha, kwa sababu kila mmoja anaihitaji siku chache tu. Sharti ni moja: data ifungwe kwa neno la siri inapokuwa humo, na ifutwe kazi ikiisha. Picha za wateja si mali ya fundi, na Kanuni ya Kidijitali ya RDC ya tarehe 13 Machi 2023 imeweka ulinzi wa data za watu ndani ya sheria.

Asiyeweza kupata disiki hiyo mwezi huu afanye nini? Asubiri. Anayesoma picha na kuongeza za ndoa moja kwa wiki anaweza asihisi tofauti yoyote. Anayeweka programu ya hesabu inayoandika vipande vidogo vidogo ndiye atakayeumia zaidi. Kusubiri kwa mpango kuna faida kuliko kukimbia bila nakala.

Lakini kusubiri si kusahau. Siku disiki ya zamani itakapokufa, italazimika kupata mwenzake sokoni. Zipo disiki mpya zisizokubali tena lugha ya 512, na hizo haziwezi kuingia kwenye ghala la zamani. Anayelipanga zoezi sasa atalifanya siku anayochagua mwenyewe, akiwa na onduleri yenye betri nzima. Asiyelipanga atalifanya siku disiki itakapomchagulia.

Utaratibu wenyewe haufichiki: kunakili, kukagua nakala kila bloki, kufungua faili chache kwa macho, ndipo kuvunja ghala la zamani. Baada ya kurudisha, faili ndogo ndogo zitachukua nafasi kubwa kidogo kuliko zamani, na mwenye mali aambiwe mapema ili asidhani ameibiwa nafasi.

Na mafundi wana deni. Anayemjengea mteja ghala leo aandike kwenye karatasi, ibandikwe kwenye mashine: disiki gani, tarehe gani, ashift ngapi, nakala ya pili iko wapi. Mistari minne tu. Mteja asiyejua Kiingereza ataionyesha kwa fundi mwingine onyo litakapotokea, na fundi huyo hatalazimika kukisia.

Bibi harusi wa mwaka 2015 hajui kama picha zake zimelala kwenye bloki za 512 au za 4096, wala hahitaji kujua. Anachohitaji ni kuzikuta siku mtoto wake atakapoziomba.