Barua ya wazi kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi: Hodi, daftari na tiketi ya sinema

Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ina baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, na ua nyuma. Kila sehemu ina mpaka wake. Barazani hukaa yeyote, ukumbini hupita anayejulikana, na chumbani haingii mtu bila hodi. Hodi ya tatu isipoitikiwa, mgeni huondoka bila kinyongo. Nyumba hizo zimebaki chache kati ya maghorofa ya mitaa ya Aggrey na Likoma, lakini wazee waliokulia humo bado wanaishi kwa mipaka ile, na ndio wanaoitwa wahafidhina pale wanapoinung'unikia simu. Manung'uniko yao yanaigusa moja kwa moja kazi ya Tume, iliyozinduliwa Aprili 2024 kusimamia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Nung'uniko la kwanza ni la siasa, na historia yake ina ukakasi. Enzi za chama kimoja, balozi wa nyumba kumi alijua nani kapata mgeni na mgeni huyo katokea wapi. Katika miaka ya uhaba, sukari na sabuni vilipokuwa vya mgao, kujuana na wakubwa wa mtaa hakukuwa jambo dogo. Mhafidhina anayesema kwamba zamani watu hawakuchunguzwa anajidanganya. Ila yupo sahihi katika jambo moja: balozi naye alijulikana. Mlango wake ulijulikana, mke wake alijulikana, na akitoa siri ya mtu alifuatwa barazani kwake akaulizwa mbele ya watu. Anayeshika taarifa leo hana baraza. Kadi za simu zimesajiliwa kwa alama za vidole, na muda wa mwisho uliosogezwa ulikuwa 20 Januari 2020; hata hivyo ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" haujaacha kuingia katika simu za wauza vitenge wa Mtaa wa Kongo. Raia amejulikana, tapeli bado.

La pili linahusu sinema, na hapa wazee hawakatishwi kwa urahisi. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi miaka ya 1990 ilipoanza, kwa hiyo picha ilitazamwa katika ukumbi wa sinema. Aliyetoka Kariakoo alivuka Mnazi Mmoja, uwanja ulioachwa wazi na wakoloni ili kutenganisha mitaa ya Waafrika na Uhindini, akafika Avalon, Empire, Odeon au New Chox. Wenye magari, na waliodandia magari ya wenzao, walikwenda Drive-In ya Msasani, mahali uliposimama sasa ubalozi wa Marekani. Unguja kulikuwa hata na maonyesho ya wanawake peke yao, ambapo bibi wa buibui aliweza kulia kwa kwikwi bila mwanamume kumwona. Tiketi ilikuwa kipande cha karatasi kisicho na jina. Mtu alikuwa kati ya mamia, na bado machozi yake yalikuwa yake. Anayetazama filamu hiyohiyo leo kwenye simu, peke yake na mlango umefungwa, anaacha kumbukumbu ya alichotazama, saa aliyotazama na mahali alipochoka akaacha.

Picha zenyewe ziliigusa mada hii kuliko inavyodhaniwa. Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951 na kupendwa sana katika pwani nzima, ina hakimu anayemfukuza mkewe mjamzito kwa sababu ya shaka na minong'ono ya watu. Kila balaa linalofuata, mtoto kuwa mwizi na baba kumkuta mwanawe mahakamani, limetokana na mambo ya ndani kuachiwa mtaa uyaamue. Katika Mother India ya mwaka 1957 kuna mkopeshaji mwenye daftari ambalo wanakijiji hawawezi kulisoma. Deni huzidi, na neno la mwenye daftari ndilo linalosimama.

Daftari hilo sasa limo katika simu. Programu za mikopo ya haraka huomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina kwenye simu ya mkopaji. Akichelewa kulipa, ujumbe wa kumfedhehesha humfikia shangazi, mwajiri na mama mkwe. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Hatua hiyo ilihusu leseni. Majina yaliyokwisha kuchukuliwa ni suala la Tume, kwa kuwa shangazi hakukopa wala hakuombwa ruhusa na yeyote.

Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa faragha yake, na sheria ya mwaka 2022 inadai taarifa zikusanywe kwa kusudi halali lililotajwa, zisizidi zinazohitajika. Msingi upo. Kinachopungua ni kuufikisha msingi huo kaunta, dukani na getini. Maelezo ya ruhusa yaandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka na mchuuzi, tena kabla ya kitufe cha kukubali. Mkopeshaji atakayegusa namba za watu wasio wadeni aadhibiwe, na adhabu itangazwe ili ifahamike hadi Msimbazi.

Kazi iliyo nyepesi kuliko zote ipo kwenye mageti ya maghorofa ya mjini. Mlinzi ana daftari la wageni: jina, namba ya simu, unakotoka, unakokwenda, sahihi. Linalala wazi mezani, na anayeandika mstari wa kumi anasoma mistari tisa ya juu yake, namba za wanawake zikiwemo. Ukurasa ufunikwe. Namba isiombwe pale jina linapotosha. Na daftari likijaa lichomwe moto, lisiuzwe kwa kilo kwa wafunga karanga.