Kidole kimoja hakivunji chawa

MELANOMA ni saratani ya ngozi iliyo nadra miongoni mwa Waafrika. Kwa sababu hiyo, wengi hudhani kuwa ni maradhi ya Wazungu tu, yaletwayo na jua kali. Lakini kuna aina ambayo huanzia mahali ambapo jua halifiki: kwenye wayo, kiganjani au chini ya ukucha. Mtu mweusi akipatwa na melanoma, mara nyingi huwa ni hii.

Ndiyo iliyomuua mwanamuziki Bob Marley. Mwaka wa 1977 iligunduliwa chini ya ukucha wa kidole chake cha mguu. Alikataa kidole kikatwe, akafanyiwa upasuaji mdogo. Ugonjwa ulienea mwilini, akafariki Mei 1981 akiwa na umri wa miaka 36.

Enzi hizo, saratani hii ilipokwisha kusambaa daktari hakuwa na mengi ya kufanya. Leo kuna dawa za kuamsha kinga ya mwili. Saratani hufunga breki za seli zinazoulinda mwili. Dawa hizi huziachilia breki hizo. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walituzwa Nobeli mwaka wa 2018 kwa uvumbuzi uliofungua njia hiyo.

Swali ni hili: kianze kisu au dawa? Wengi wetu tungejibu haraka kuwa uvimbe ukatwe kwanza. Lakini utafiti wa Marekani uliochapishwa 2023 ulihusu wagonjwa 313 ambao melanoma yao ilikuwa imeenea, ila ingali inaweza kukatwa. Wote walipangiwa dawa moja, pembrolizumab, dozi 18. Kundi moja lilipasuliwa kwanza. Jingine lilipewa dozi tatu kabla ya upasuaji na zilizosalia baadaye. Baada ya miaka miwili, wagonjwa 72 kwa kila 100 wa kundi la pili walikuwa hawajazidiwa wala kurudiwa na ugonjwa. Kundi la kwanza lilikuwa na 49.

Dawa ni ile ile. Kilichobadilika ni mpango. Wataalamu wanaeleza kuwa uvimbe ukiwa ungali mwilini, seli za kinga hupata nafasi ya kumjua adui vizuri, kisha humwinda hata pale ambapo kisu hakifiki.

Ndiyo maana ninashikilia kuwa si haki mgonjwa ambaye saratani imefika kwenye tezi kukatwa leo, kisha aambiwe kesho akamtafute daktari wa dawa za saratani. Mpasuaji na mwenzake huyo wakutane kabla ya kisu kuinuliwa.

Isieleweke kuwa dawa inatosha peke yake. Melanoma ya nyayo husikia dawa hizi kwa uchache kuliko ile ya jua, na kwa hiyo upasuaji bado ni nguzo. Doa likigunduliwa mapema, huenda kisu pekee kikatosha. Dawa nazo zina madhara: kinga iliyoamshwa yaweza kushambulia mapafu, matumbo au ini.

Tena ni ghali mno. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka wa 2024, haina budi kuihesabu tiba hii kuwa kitu kimoja, upasuaji na dawa pamoja. Kumlipia mtu kisu na kumwacha bila dawa ni kumvusha mto nusu.

Nawe msomaji, chunguza nyayo na kucha zako. Doa jeusi linalopanuka, mstari mweusi mpya chini ya ukucha au kidonda kisichopona si sugu ya kukwanguliwa saluni. Nenda hospitali, uombe kipande kipimwe maabara. Ukiambiwa ni melanoma, uliza kabla ya kupasuliwa: je, daktari wa dawa ameshauriwa?