Jumamosi ya Padri Luigi na Noeli Yetu

Kila mwaka Noeli inapokaribia, matayarisho yetu ni yaleyale. Kamati inaketi, michango inatozwa, wanakwaya wanapimwa nguo, vipaza sauti vinaazimwa, na vijana wanagombana nani atapiga gitaa katika Misa ya usiku. Haya nayajua vizuri, maana miaka kadhaa nilikuwa mwandishi wa kamati ya namna hiyo. Basi nina swali moja tu, nalo labda litawaudhi baadhi ya wenzangu. Jumamosi ile inayotangulia Dominika ya kwanza ya Majilio, ni watu wangapi katika parokia yako walioungama?

Nauliza habari za Jumamosi hiyo kwa sababu ndiyo Jumamosi ya wafiadini wetu wa Baraka na Fizi. Wengi wanajua tarehe, 28 Novemba 1964. Wachache wamefungua kalenda ya mwaka ule. Atakayeifungua ataona kwamba siku ile ilikuwa Jumamosi, na kesho yake, tarehe 29, ilikuwa Dominika ya kwanza ya Majilio. Mama Kanisa alikuwa anaanza kumngojea Mtoto wa Bethlehemu. Na huko Baraka, kando ya ziwa Tanganyika, padri kijana wa miaka 31 alikuwa kanisani anawaungamisha Wakristo.

Huyo ndiye Mwenyeheri Luigi Carrara, Mmisionari Mksaveri, mzaliwa wa Cornale di Pradalunga, jimbo la Bergamo, Italia. Alipewa daraja ya upadri mwaka 1961. Kwa hiyo alikuwa na miaka mitatu tu ya upadri, pungufu ya miaka ya mafunzo ya mmoja wetu aliyesoma seminari ndogo. Tangu mwezi wa Mei mwaka ule mji wa Uvira ulikuwa umetekwa na waasi waliojiita Simba. Mwezi wa Oktoba jeshi liliukomboa, naye Mhashamu Askofu Danilo Catarzi na wamisionari waliozuiliwa pamoja naye wakaokoka. Lakini Baraka na Fizi zilibaki mikononi mwa waasi. Kisha tarehe 24 Novemba askari wa Ubelgiji wakashuka kwa miavuli Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, na hasira ya waasi dhidi ya watu weupe ikawaka kila mahali. Kila mtu mwenye akili aliyekuwa Baraka siku zile alijua kwamba hatari iko mlangoni.

Padri Luigi alifanya nini? Aliingia katika kiti cha maungamo, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, na Wakristo walikuwa wamekuja.

Gari la waasi lilisimama mbele ya kanisa. Bruda Vittorio Faccin, mwenye miaka 30, ndiye waliyemkuta kwanza. Wakamwamuru apande garini, akakataa, wakampiga risasi. Padri Luigi akatoka kanisani. Naye akaamriwa apande. Akakataa, akapiga magoti mbele ya mwili wa ndugu yake, wakamwua hapohapo. Kisha waasi wakapanda mlimani hadi misioni ya Fizi, na usiku uleule wakamwua Padri Giovanni Didonè, mwenye miaka 34, pamoja na Abbé Albert Joubert, aliyekuwa na miaka 56. Siku tano baadaye, tarehe 3 Desemba, ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri, msimamizi wa shirika lao. Hao wanne hawakuiona sikukuu ile, wala Noeli ya mwaka ule.

Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza kuwa Wenyeheri kwa jina la Baba Mtakatifu. Tulifurahi mno, na ilikuwa haki kufurahi. Tukanunua vitambaa vyenye sura zao, tukashona mashati na mabwelasuti ya wanakwaya, tukatunga nyimbo. Mimi mwenyewe ninalo shati lile, tena ninalipenda. Ugomvi wangu si na kitambaa. Ugomvi wangu ni na sisi tuliovaa sura ya padri aliyekufa akitoka kuungamisha, huku kiti cha maungamo katika makanisa yetu kimegeuka kuwa stoo ya viti vibovu na ngoma zilizopasuka.

Nisije nikadhaniwa natupa mawe kwa jirani, nitaanza na nyumba yangu. Mwaka mmoja, katika parokia ambayo sitaitaja, nilikuwa nimeketi mezani uwani mwa kanisa, Jumamosi hiyohiyo ya kabla ya Majilio, napokea michango ya nguo za Noeli. Akaja mama mmoja mzee kutoka kijiji cha mbali, miguu imejaa vumbi. Akaniamkia, akauliza, “Mwalimu, padri yuko wapi? Nataka kuungama.” Nikamjibu kwamba padri yuko kwenye mkutano wa kamati, arudi siku nyingine. Akauliza tena, kwa upole, “Nirudi lini?” Wasomaji wangu, sikuwa na jibu. Saa ya maungamo haikuandikwa popote. Bei ya nguo ilikuwa imeandikwa kwa wino mwekundu, kubwa, kila mtu aione. Mama yule alikaa chini ya mwembe hadi jua lilipoanza kushuka, akafunga kitambaa chake kichwani, akaenda zake. Mimi niliendelea kuhesabu pesa. Hesabu ya siku ile ilikuwa sawasawa, wala haikupungua hata faranga moja.

Wako watakaosema, mwalimu huyu anatuharibia furaha. Watu wa Fizi wameteseka mno, waache wale, wacheze, waimbe. Ndugu zangu, mimi nami nina watoto, nao siku ya Noeli wanataka wali na nyama na nguo mpya, tena nawapa nikijaliwa. Lakini tuyatazame hayo mateso tunayoyasema. Mwisho wa mwaka 1998, siku zilezile za Noeli, kuanzia tarehe 30 Desemba hadi mwanzo wa Januari 1999, mamia ya raia waliuawa huko Makobola, katika hiyohiyo wilaya ya Fizi. Wengine kati yao walikuwa wameimba Noeli wiki moja kabla. Watu wasiojua kama watafika Pasaka wanahitaji kupatanishwa na Mungu na jirani zao kabla ya sikukuu, kuliko watu wa nchi yoyote yenye raha. Kumnyima mtu kama huyo saa ya kuungama, kisha kumpa kipaza sauti, ni kumfariji namna gani?

Wengine husema hivi, nami nimeyasikia hata katika mikutano ya Wakristo: wale walikufa kwa sababu ya siasa, walikuwa wazungu katika vita ya watu weusi. Wanaosema hivyo wamemsahau Abbé Albert Joubert. Baba yake alikuwa Kapteni Ludovic Joubert, yule Mfaransa aliyewalinda watu wa pwani ya Tanganyika dhidi ya wafanya biashara ya watumwa, na mama yake alikuwa Agnes Atakaye, Mwafrika. Abbé Albert alizaliwa huku kwetu mwaka 1908, kule Mrumbi karibu na Moba, akapata upadri mwaka 1935, na maisha yake yote alikuwa mtu wa ziwa hili. Ziwa hili lilikuwa nyumbani kwake, basi angerudi kwao wapi? Sikatai kwamba hasira ya siasa iliwasha moto. Lakini siasa haikumlazimisha Padri Luigi kutoka kanisani, wala haikumpigisha magoti penye damu ya Bruda Vittorio.

Na hapa niseme neno dogo juu ya Bruda. Katika nyimbo zetu jina lake huja mwishoni, kama vile mgeni aliyechelewa karamuni. Hakuadhimisha Misa, hakuungamisha. Hata hivyo ndiye aliyetangulia kufa. Hao vijana wa leo wanaodharau kazi ya mikono katika misioni, na kuona aibu kushika ufagio wa kanisa kwa kuwa wamesoma, ningependa wasimame kidogo mbele ya picha yake.

Liko jibu la tatu, nalo ndilo gumu kwangu. Mapadri ni wachache, barabara ni mbovu, vigango ni vingi, nao wanahangaika. Ni kweli kabisa. Sithubutu kuwafundisha mababa zetu kazi yao, na nimeona padri akirudi usiku ametapakaa matope, akala mihogo baridi, akalala. Lakini nauliza kwa heshima, kwani huo muda wa kamati unatoka wapi? Padri wa kuketi saa tatu kujadili rangi ya mapazia amepatikana, naye wa kuketi saa moja kanisani hapatikani? Na sisi makatekista, tusijifiche nyuma ya mapadri. Kuwakusanya watu ni kazi yetu. Kutangaza saa ni kazi yetu. Kuwakumbusha amri ya Kanisa, kwamba kila Mkristo aungame dhambi zake za mauti walau mara moja kila mwaka, hilo pia ni letu, nalo twalifundisha watoto wa Komunyo ya kwanza peke yao, kana kwamba wakubwa hawana dhambi.

Kanisa lenyewe halikutenganisha hori na damu. Kesho yake Noeli twamkumbuka Mtakatifu Stefano aliyepigwa mawe, na tarehe 28 Desemba twawakumbuka Watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode. Basi haitakuwa ajabu kama sisi wa Fizi na Baraka tutaanza Majilio yetu kwa kuikumbuka siku ya wafiadini wetu, na kuikumbuka kwa kufanya kile Padri Luigi alichokuwa akifanya walipomjia.

Katika kigango chetu tumeondoa viti vibovu na ngoma katika kiti cha maungamo. Fundi seremala amekirekebisha bila malipo, akaniomba tu nisitaje jina lake. Baba Padri amekubali kuja Jumamosi ya kabla ya Majilio, tangu saa nane mchana hadi jua kuchwa, na mkutano wa kamati umehamishiwa Jumatatu. Nimebandika karatasi mlangoni, maandishi makubwa, kwa wino mwekundu. Na mtoto wangu wa kwanza ametumwa hadi kijiji cha yule mama mzee kumwuliza kama angali na nguvu za kutembea, maana kama hana, tutamfuata kwa baiskeli.